Pale Rike Anapovuta Pumzi

Jumapili, 14 Septemba

Dada yangu Gerlinde, salamu nyingi kutoka huku kwetu bondeni. Msalimie shemeji Onno na mgongo wake, umwambie aache kubeba magunia ya viazi kama kijana. Msalimie Wiebke na huyo mchumba wake ambaye sijamwona hata kwenye picha. Msalimie Tjark, mwambie mama yake mdogo bado anamkumbuka alivyolamba sufuria ya jamu. Msalimie mama mkwe wako, Bibi Frauke, na mbwa naye asisahaulike. Huku Eugen hajambo, yuko shambani tangu asubuhi anaonja zabibu na kukunja uso. Mimi sijambo. Rike wangu hajambo mwili mzima, isipokuwa mkono.

Uliniambia kwenye simu kwamba nikikasirika nasema haraka mpaka hunielewi. Basi nitakuandikia kidogo kidogo kwenye daftari hili mpaka mavuno yaishe na onyesho la Rike lipite, halafu nitalituma lote. Shule yangu unaijua ilivyokuwa fupi. Makosa uyaruke.

Mkono ni ule wa kulia, kuanzia kidole cha mwisho mpaka kwenye kiwiko. Kila jioni namfunga kitambaa chenye maziwa ya mgando ya baridi, kama mama alivyokuwa akitufunga sisi magoti. Anakaa kimya, maziwa yanadondoka mezani, na mimi hasira zinanipanda. Profesa wake wa piano chuoni, Bi Seybold, anamwambia, "Nyoosha, binti. Wenzako wote wamenyoosha." Nyoosha! Kwani mkono ni donge la unga wa tambi?

Onyesho lake la mwisho ni Jumamosi ya tarehe 22 Novemba. Asipopiga, hakuna cheti, na miaka yake yote pale chuoni imekwenda na maji. Kuna wimbo mrefu wa yule mtunzi Mrusi mwenye mikono kama majembe, na katikati yake kuna mahali ambapo kila Rike akifika anavuta pumzi, hsss, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mimi niko jikoni namenya vitunguu na najua kabisa, sasa inakuja. Noti sizijui. Pumzi ya mwanangu naijua.

Ni mikono yetu hiyo midogo, Gerlinde. Ya mama, yako, yangu. Wewe Bwana Knödler wa kwaya alikuambia una vidole vya kuku, ukashuka kwenye kiti cha kinanda cha kanisani na hukurudi tena. Nimeliwaza hilo leo kanisani, nikashindwa kuimba.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua. Eugen anasema ikiendelea hivi zabibu zitaoza kwenye shina.

Jumamosi, 20 Septemba

Mvua. Zamu ya kufagia ngazi ni yetu wiki hii, kibao kinaning'inia mlangoni kwangu. Nimefagia, nimepiga deki, nimefuta mpaka reli. Bi Häberle wa juu akashuka na viatu vyenye matope akasema, "Roswitha, pembeni pale umeacha kitu." Kisha akasema, "Na binti yako jana alipiga piano mpaka saa saba na dakika tano mchana. Saa saba watu wanapumzika."

Nikamwambia, "Dakika tano, Bi Häberle! Amekufa mtu?"

"Bado," akasema, akaendelea kushuka.

Alhamisi, 25 Septemba

Leo Rike amerudi kutoka mjini mbio, hata koti hakuvua.

"Mama, wameleta vibao vyembamba!"

Sikuelewa. Akanieleza huku akila dengu amesimama. Piano ni ile ile kubwa ya chuo, nyuzi zile zile, sauti ile ile. Ila seti nzima ya vibao vya kubonyeza huchomolewa kwa mbele, kama unavyovuta trei ya oveni, kisha wanasukuma ndani seti nyingine ambayo kila kibao ni chembamba kidogo. Fundi mmoja wa piano amekiazima chuo mpaka majira ya kuchipua. Rike amejaribu. Pale pa Mrusi mkono umefika.

"Umefika tu, mama! Kama kushika bilauri!"

Alikuwa anacheka. Na mimi, badala ya kucheka naye, nikauliza, "Watu watasemaje?"

Akaacha kijiko.

Nikaendelea, sijui shetani gani alinishika. Nikamwambia watasema binti wa Aupperle amepunguziwa, amepewa piano ya watoto, kama anayepewa kiti cha kupandia mezani. Nikamwambia sikukulea uonewe huruma. Baba yake akatia neno lake, eti, "Basi na mimi wanipe mlima mfupi wa kupanda." Akadhani ni mzaha mzuri.

Rike akasema, "Mama, unaongea kama Seybold." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningejisikia vizuri zaidi.

Ijumaa, 26 Septemba

Haongei na mimi. Maziwa ya mgando amejifunga mwenyewe, vibaya.

Jumamosi, 27 Septemba

Haongei. Kibao cha zamu nimekipeleka juu kwa Bi Häberle. Akafungua mlango nusu, akasema, "Nasikia mtoto wako amepewa piano ya chekechea?" Habari imefikaje huko hata sijui. Nilitaka kumjibu, lakini maneno yale yalikuwa yangu, niliyasema mwenyewe juzi jikoni. Nikashuka.

Alhamisi, 2 Oktoba

Jua hatimaye. Tumeanza kuvuna, watu wa ukoo wote wako mlimani. Mgongo wangu si wa kwangu tena.

Sasa sikiliza. Mkasi wangu mdogo wa kukatia zabibu, ule uliokuwa wa mama, niliusahau nyumbani. Eugen akanipa wa kwake. Mkubwa, mzito, mipini imeachana hivi. Mpaka saa nne nilikuwa na malengelenge mawili, na vichala nilikuwa navikata ovyo, vingine vinaanguka chini. Eugen akapita na ndoo, akasema mbele ya watu, "Roswitha leo unavuna kama mtalii!"

Wakacheka. Nikamtupia ule mkasi miguuni.

"Nivune kwa mkono wako basi! Niletee mkono wako nivae!"

Nikashuka mlima mpaka nyumbani nikachukua wa mama. Kufika saa sita nilikuwa nimewapita wote kwenye mstari, hata Eugen. Halafu, Gerlinde, nikasimama katikati ya mizabibu nimeshika kichala, nikaganda. Miaka yote hii hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kusema zabibu za Roswitha ni za watoto kwa sababu mkasi wake ni mdogo. Zinaingia kwenye kreti moja na za wengine. Divai inakuwa moja.

Nilikasirika mpaka nikalia. Eugen akadhani ni malengelenge.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimemwambia Rike. Sikujua nianzie wapi, nikamwekea mezani mikasi yote miwili. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Baba alisema ulimtupia mmoja."

"Nilimkosa."

Akacheka. Kisha akanipa mkono nimfunge.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda mjini naye kwa treni, nimevaa viatu vya kanisani. Ameniketisha kwenye chumba cha mazoezi, akanionyesha. Kwa macho huwezi kujua. Nilitafuta tofauti nikakosa, mpaka nilipoona kwenye pembe mbili za mwisho, ambapo kuna kipande cha mbao kimejaziwa kwa sababu vibao vimeacha nafasi. Hicho tu.

Akapiga wimbo wa Mrusi. Nikafumba macho, nikashika mkoba wangu kwa nguvu, nikingoja ile pumzi. Pakapita. Nilidhani ameruka. Nikamwuliza, "Mbona hujapiga pale?"

"Nimepiga, mama."

Alhamisi, 16 Oktoba

Ukungu. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mkuu wa chuo ameruhusu atumie vibao vyembamba siku ya onyesho, lakini kwa masharti. Kwenye karatasi watakayogawiwa watu, chini ya jina la Rike, paandikwe kwamba anapiga kwenye piano "yenye vibao vilivyopunguzwa". Na kabla hajaanza, profesa asimame awatangazie watu. Na wanafikiria kuandika maneno hayo hayo kwenye cheti.

Vilivyopunguzwa! Kama bei ya koti lililochanika!

Kuna kijana mwenzake, mrefu, mikono kama makasia, naye anapiga siku hiyo hiyo. Nikamwuliza Rike, je, na yeye atatangazwa? Kwamba mabibi na mabwana, huyu piano imemtosha bila jasho? Rike akasema, "Mama, niache nipige tu. Wakitangaza nitaweka pamba masikioni." Lakini niliona anavyouma midomo. Mtu akitangazwa hivyo kabla hajagusa kibao, watu watasikiliza upungufu tu, hata usipokuwepo. Na cheti chenye maneno hayo, nani atamwajiri?

Jumapili, 19 Oktoba

Mavuno yamekwisha. Mkate wa vitunguu, divai mbichi, watu wakaimba. Mimi sikuimba.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimekwenda kwa Bi Seybold peke yangu. Rike hajui. Nilifunga vipande vya mkate wa vitunguu kwenye karatasi, maana huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu hata kama unakwenda kugombana.

Ni mwanamke mwembamba, nywele nyeupe zimebanwa, chumba chake kina baridi. Akasema, "Karibu, Bi Aupperle," akaniwekea kiti. Njia nzima kwenye treni nilikuwa na hotuba. Nilipoketi, yote ikayeyuka. Nikabaki na sentensi moja tu, "Mwanangu hajapunguzwa."

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Mmeandika."

 Kisha akasema polepole, kama anayeongea na mtoto, kwamba piano ni piano, kwamba kila mtu anaikuta ilivyo, kwamba yeye mwenyewe aliikuta ilivyo. Akanyoosha mkono wake juu ya meza, ameukunjua. "Tazama," akasema.

Niliutazama. Sijui kwa nini, nikaweka wangu juu yake, kiganja kwa kiganja, kama tulivyokuwa tukipimana mimi na wewe kitandani. Gerlinde, ule mkono ni mdogo kuliko wangu! Na kidole cha mwisho kimepinda kwa nje, fundo la mfupa kama njugu. Akasema, "Maisha yangu yote nimepiga na hiki. Hakuna aliyenipunguzia mimi."

Labda alitaka nimwonee huruma. Labda mwanamke mwingine angelainika. Mimi damu ilinichemka kuliko nilipoingia.

"Kwa hiyo ulijua," nikamwambia. "Mimi nilidhani hujui! Nilidhani una mikono mikubwa kama hao wanaume, huwezi kuelewa. Kumbe ulikuwa unajua inavyouma, wapi inauma, usiku inavyouma. Na bado ukamwambia mtoto wangu anyooshe?"

"Bi Aupperle..."

"Mtu akitoka kwenye moto humwambia mwenzake aingie?"

Akaondoa mkono wake akauficha chini ya meza.  Nikasimama. Mlangoni nikakumbuka mkate, nikarudi nikauweka mezani, nikasema, "Upashe moto, baridi hauliki," nikaondoka.  Nimemharibia mwanangu. Atamwangusha kwa sababu yangu. Mdomo wangu huu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Sijamwambia Rike. Silali vizuri.

Jumanne, 28 Oktoba

Rike anasema profesa haji darasani, anaumwa. Nimekula sahani mbili za dengu bila kusikia ladha.

Jumanne, 4 Novemba

Profesa amerudi. Hasemi lolote. Hamwambii tena anyooshe. Anakaa dirishani anasikiliza na kumpa mgongo. Rike anasema hajui kama ni vizuri au vibaya. Mimi najua ni vibaya.

Jumanne, 11 Novemba

Watoto wamepita na taa zao za karatasi za sikukuu. Mvua ikazima nusu yake.

Jumatano, 19 Novemba

Karatasi za onyesho zimechapishwa. Nimeiona. "Vilivyopunguzwa", kwa herufi za kulala. Nilitaka kuichana, lakini jina lake limeandikwa vizuri, Friederike Aupperle. Nikaikunja pale penye neno hilo, lisionekane.

Jumapili, 23 Novemba

Ilikuwa jana. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi nikashtuka kuwa zamu ya ngazi ilikuwa yetu na wiki nzima sikuwa nimeshika hata ufagio. Mimi! Nikatoka na ndoo nimevaa gauni la kanisani. Ngazi zilikuwa safi, bado zina unyevu. Bi Häberle alikuwa chini kabisa anakamua kitambaa.

"Nenda," akasema bila kunitazama. "Na umwambie asivute pumzi pale katikati. Inasikika mpaka juu."

Gerlinde, miaka yote hii nilidhani yule mwanamke anasikiliza saa tu.

Ukumbi ulijaa. Eugen alivaa tai, akawa anaivuta kama mbuzi aliyefungwa. Yule kijana mrefu alipiga kwanza. Alipiga vizuri, siwezi kusema uongo. Kisha watu wawili wakaja wakachomoa vibao mbele ya macho yetu, wakasukuma vile vingine, na minong'ono ikaanza. Nyuma yangu bwana mmoja akamwambia mkewe, "Basi hata mimi ningefunga magoli kama wangenipanulia goli."

Nikageuka. "Wewe viatu umevaa namba ngapi?"

"Samahani?"

"Namba ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Mbona hukuvaa vya mkeo ukajikaza?"

Mkewe akacheka kwa sauti. Eugen akanivuta mkono. Na hapo Bi Seybold akapanda jukwaani na karatasi ya kutangaza.

Nikashika kiti. Alivaa nyeusi, mkono wake ule wa kidole kilichopinda umefungwa bendeji na hakuuficha. Aliitazama ile karatasi, akamtazama mkuu wa chuo kwenye safu ya mbele, akaikunja.

"Nimeagizwa niwaeleze jambo kuhusu vibao," akasema. "Ni vyeusi na vyeupe."

Akashuka.

Watu wakacheka kwanza, kisha wakanyamaza, na kwenye ukimya huo Rike akaingia. Mtoto wangu na gauni lake la kijani. Sikumbuki nyimbo za mwanzo. Nilikuwa nangoja tu. Mrusi alipoanza niliacha kupumua mimi mwenyewe. Nilihesabu kwa moyo, sasa anakwenda, sasa anapanda, sasa inakuja. Ikaja, nzima, vidole vyote pamoja, sauti kama kengele za kanisa zinapogonga zote. Aliyevuta pumzi ni Eugen.

Walipiga makofi wakasimama. Yule wa namba arobaini na sita naye akasimama, nilimwona.

Kisha walimu wakaenda kukaa kikao cha kuamua. Tulingoja koridoni sana. Rike akatoka akasema amefaulu, na cheti hakitakuwa na maneno yoyote ya ziada. Mkuu alitaka yawepo. Bi Seybold akawaambia wakiandika upana wa vibao kwenye cha Rike, yeye hatatia sahihi cha mtu yeyote mpaka waandike upana wa mikono kwenye vyote, kuanzia cha kwake mwenyewe.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini moyoni nikawa nasema, ungeyasema haya mapema, mwanamke wewe. Kabla ya maziwa ya mgando.

Nilikuwa nimeacha mwavuli ukumbini, nikarudi. Taa zilikuwa zimezimwa isipokuwa ile ya jukwaani. Bi Seybold alikuwa ameketi kwenye piano. Bendeji ameifungua, iko chini. Hakuwa anapiga wimbo. Alikuwa anaweka mkono, anaufungua, anabonyeza kwa pamoja, anaondoa. Anaweka tena. Pale pale, pale pa Mrusi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Akanisikia, akageuka. Hakujifuta machozi.

Nikamwambia, "Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Sitaacha leo."

"Najua, Bi Aupperle."

Nikachukua mwavuli. Kisha nikaketi safu ya mbele, kwenye kiti cha mkuu wa chuo. "Haya," nikasema. "Piga sasa, wimbo wote. Usiishie hapo."

Akapiga. Alikosea kosea, kwa kuwa hajavizoea vibao vyembamba, lakini alipofika pale katikati hakuvuta pumzi.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua inanyesha, naifunga bahasha. Gerlinde, ile hasira yangu haijaisha, imehama tu. Sasa iko kwa Bwana Knödler, na yeye amekwishakufa, siwezi kumfuata kwa treni.

Vibao vyembamba vinabaki chuoni mpaka majira ya kuchipua. Rike ameomba uje uvipige, na Bi Seybold amekubali kabla hajamaliza kuuliza. Nimeambiwa nikuulize upana wa mkono wako. Weka mkono wako wa kulia juu ya karatasi, ufungue mpaka mwisho, mwombe Onno auzungushie kalamu, kisha uitume. Usinipigie simu kunieleza kwamba umezeeka, sitasikiliza. Nitumie karatasi hiyo upesi, kwa posta ya kesho asubuhi ukiweza, chumba nimeshakutandikia.

Mdogo wako,
Roswitha